Naomba ushauri: stuli ya miguu ya mama imebonyea katikati

Assalamu alaykum ndugu zangu, na shikamoo kwa mafundi wakubwa. Nipo Lamu, mtaa wa Langoni. Mama yangu miguu humvimba kila jioni, nikaona nimtengenezee kistuli cha kuinulia miguu kwa vitu vilivyopo nyumbani.

Fremu ni ya mbao zilizobaki tulipokarabati mlango: kimo sentimita 30, juu 40 kwa 40. Hiyo haina tatizo, hata ukiikalia haichezi. Juu nimepigilia plaiwudi, nikaweka sponji ya godoro kuukuu ya inchi mbili, kisha nikavuta kikoi cha marehemu baba. Kikoi hicho ni kimoja tu, sitaki kukiharibu.

Wiki mbili hazijaisha, sponji imelala. Ukibonyeza kwa kidole unagusa ubao. Nimeongeza sufi juu yake, ikajikusanya upande mmoja. Misumari nayo imeshika kutu, imeacha madoa ya rangi ya chai pembeni mwa kikoi (hewa ya bahari huku mnaijua), kwa hiyo nimekifungua chote na kukiloweka.

Kabla sijakirudisha, naomba kujua mawili. Chini ya sponji nitandike usumba wa nazi, au nitoe plaiwudi nisuke mikanda ya gunia? Na zile pembe nne hukunjwaje zilale bapa bila kukata kitambaa? Zangu zilitoka nene kama fundo.

Aliyewahi kushona viti anisaidie tafadhali, mama anaiulizia kila siku.