Apdeti imevuruga simu, TV au kompyuta: usubiri, ufute vyote, urudishe toleo la zamani au udai waranti?

Zabibu_Kavu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Dodoma. Kila apdeti kubwa ikitoka maswali ni yale yale: simu inachemka, mtandao umepotea, TV imeganda kwenye nembo, kompyuta inadai namba ambazo mwenyewe hazijui. Na jibu la mtaani ni moja tu: "peleka ikaflashiwe", yaani iandikiwe mfumo upya. Kwa maoni yangu jibu hilo limeua simu nyingi kuliko apdeti zenyewe.

Naomba tulinganishe njia nne: (1) kusubiri na kusafisha bila kugusa data, (2) kufuta vyote, (3) kurudisha toleo la zamani, (4) kumrudishia muuzaji. Ipi itangulie, na ipi ikitangulia inaziba nyingine? Tuzungumze kifaa kwa kifaa.

Naanza na hili. Kabla hujabonyeza chochote, piga picha ukurasa wa "Kuhusu simu": modeli kamili, namba ya toleo, tarehe ya maboresho ya usalama. Halafu piga *#06#, upige picha IMEI (namba za utambulisho wa simu) zote mbili. Bila hizo, njia ya 3 na ya 4 ni kubahatisha.

fundi_wa_Majengo

Mkuu, njia ya kwanza inadharauliwa kwa sababu haina mbwembwe. Baada ya apdeti kubwa, Android huandaa upya programu zote zilizomo kwenye simu, na kazi hiyo huifanya simu ikiwa imetulia, hasa ikiwa kwenye chaji. Simu iliyojaa programu itachemka na kula chaji siku moja au mbili. Ilaze kwenye chaji na Wi-Fi, apdeti programu zote za Play Store, izime, iwashe. Zikipita saa 48 hali ni ile ile, ndipo uanze kuhangaika.

Kinachofuata ni kufuta kashe (mafaili ya muda) kwenye rikava (menyu ya ukarabati). Zima simu, shika kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti. Samsung za Android 11 kwenda juu hazifungui rikava mpaka zichomekwe kwenye kompyuta kwa waya. Watu wanabonyeza mpaka vidole vinauma kisha wanasema vitufe vimekufa. Chagua "Wipe cache partition". Mstari wa jirani yake ni "Wipe data", na huo hauna msamaha.

Mtandao ukipotea, usikimbilie kubadilisha laini. Weka upya mipangilio ya mtandao: nywila za Wi-Fi na Bluetooth zitapotea, picha na meseji zitabaki. Na simu ya GB 32 iliyobakiwa na GB 1 itakuwa nzito hata ukiifanyia maombi. Iachie GB 5 hivi ipumue.

Mtani_wa_Bahi

Sawa fundi, ila kusubiri kuna mwisho wake. Kamera imekufa tangu apdeti, kashe imefutwa, kufuta vyote hakujasaidia: hapo kurudisha toleo la zamani ni haki ya mtu. Samsung unashusha faili la modeli yako, unapata mafungu manne, BL, AP, CP na CSC, unayapakia kwenye Odin (programu ya kompyuta ya kuflashia Samsung), simu ikiwa kwenye hali ya kupokea faili. Dakika kumi hadi ishirini umemaliza. Na faili rasmi haligusi Knox (kinga ya Samsung inayobaki na alama simu ikichezewa). Knox inavunjika ukifungua butiloda (programu inayoiwasha simu) ili uweke faili lisilo rasmi.

Chipu_ya_Kizota

Mtani, dakika ishirini hizo ni za simu inayokubali. Wengi wanakwama kabla ya hapo.

Angalia namba ya toleo la Samsung, herufi ya tano kutoka mwisho. Mfano namba inayoishia U4CWA3: hiyo 4 ndiyo kufuli la kuzuia kurudi nyuma. C ni awamu ya Android kwa simu hiyo, W ni mwaka 2023, A ni Januari, 3 ni toleo la ndani ya mwezi. Apdeti ikikupandisha kutoka 4 kwenda 5, faili lolote lenye 4 litakataliwa. Hakuna fundi wala programu ya kawaida inayoshusha hiyo namba. Kama bado ni 4 kwa 4, unaweza kurudi. Kwa hiyo soma namba kwanza, ndipo uchome bando la GB 5 au 6 kushusha faili.

Jambo la pili ni CSC, fungu la mipangilio ya nchi na mtandao. Faili huja na CSC na HOME_CSC. Ya kwanza inafuta data, ya pili inaziacha. Watu wanachagua HOME_CSC ili kuokoa picha, wanashuka kutoka Android 14 kwenda 13 na data juu yake, simu inabuti na kuzima bila kikomo. Data iliyoandikwa na mfumo mpya haisomeki na wa zamani. Ukirudi nyuma, kubali kufuta. WhatsApp iweke akiba kwanza na unakili folda yake iliyo ndani ya Android/media kwenye kompyuta. Na hakikisha nywila ya akaunti ya Google unaikumbuka, la sivyo simu itakuuliza mwenye nayo ni nani na utakosa jibu.

Sasa Tecno, Infinix na itel, ambazo nyingi zina chipu ya MediaTek (zipo za Unisoc pia, zina zana yake). Hapa ndipo mauaji yanapotokea. SP Flash Tool, programu ya kuflashia simu za MediaTek, ina machaguo matatu: "Download Only", "Firmware Upgrade" na "Format All + Download". Hiyo ya tatu inafuta mpaka NVRAM, mahali IMEI inapokaa. Simu itawaka ikiwa mpya, ukipiga *#06# unaona patupu au namba ya ajabu, na laini haisomi. Fundi anayejua kazi anasoma NVRAM na kuitunza kabla ya kuandika chochote, halafu anatumia "Download Only". Fundi anayekwambia "nitakupigia IMEI nyingine" mkimbie. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai Tanzania, na simu zenye IMEI bandia zilianza kuzimwa na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) Juni 2016. Kabla na baada ya kuflashi, tuma IMEI kwenda 15090 uone inajibu modeli gani.

Zabibu_Kavu

Asante Chipu. Na iPhone? Pia kuna hoja kwamba apdeti zinachosha betri kwa makusudi.

fundi_wa_Majengo

iPhone njia ya 3 karibu haipo. Kila unapoweka iOS, Apple lazima waidhinishe toleo hilo wakati huo huo. Wakiacha kuidhinisha la zamani, kwa kawaida wiki moja au mbili baada ya jipya kutoka, mlango umefungwa.

Ikiganda kwenye nembo, chomeka kwenye kompyuta, ingia rikava (iPhone 8 kuendelea: ongeza sauti mara moja, punguza mara moja, kisha shika kitufe cha pembeni mpaka picha ya waya itokee), uchague "Update". "Restore" inafuta. Mtego wa huku kwetu ni intaneti: kushusha faili kukizidi dakika 15, simu inatoka rikava yenyewe. Sio kwamba imeshindikana. Acha faili lishuke mpaka mwisho, irudishe rikava, bonyeza "Update" tena.

Kuhusu betri, hoja ina mizizi. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba iOS ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone 6, 6s na SE zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Bei ya kubadilisha betri ikashuka kutoka dola 79 hadi 29. Italia iliwatoza faini Oktoba 2018, pamoja na Samsung kwa apdeti ya Note 4. Lakini chukua somo la kifundi: betri ndiyo ilikuwa imechoka. Simu inayozima ikiwa na asilimia 30 baada ya apdeti, pima betri kabla ya kuflashi. Kuflashi hakurudishi kemia.

Vivyo hivyo mstari wa kijani kwenye kioo cha AMOLED. Hicho ni kioo au utepe wake. Mfumo hauhusiki na tiba.

Mtani_wa_Bahi

Kufuli la Samsung nimekubali. TV sasa.

Smart TV ikiganda kwenye nembo, chomoa kwenye umeme kabisa dakika tano (rimoti haizimi, inalaza tu), kisha jaribu tena. Ikigoma, faili la kurudishia huwekwa kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, nje ya folda yoyote, unashika kitufe cha TV huku unawasha umeme. Ila modeli pekee haitoshi. TV nyingi za bei nafuu zenye jina moja zina paneli (kioo chenyewe) tofauti, kwa hiyo soma namba ya paneli kwenye stika ya ndani. Faili la paneli nyingine linaleta picha kichwa chini, picha mbili mbili au rangi zilizooza, wakati mwingine na rimoti inakufa.

Na kuna TV ambazo apdeti imesingiziwa. Chipu ya kuhifadhi (eMMC) imechakaa kwa miaka, apdeti inakuja kuandika data nyingi kwa mkupuo, chipu inakata roho. Ukiflashi inakubali, kesho inaganda tena. Hapo ni kubadilisha chipu au bodi. Kama picha ipo na kilichokufa ni YouTube tu, achana na bodi: kisanduku cha Android kwenye HDMI kinamaliza kazi.

BibiSteshenari

Msisahau printa, sisi wa karibu na vyuo ndiyo maisha yetu. HP wana ulinzi unaozuia katriji zisizo na chipu yao. Septemba 2016 printa nyingi za OfficeJet zilikataa katriji za kampuni nyingine siku moja, kwa sababu ya apdeti iliyokuwa ndani yake. Kurudi nyuma ni kugumu, kwa hiyo kinga: zima apdeti za otomatiki kwenye menyu ya printa siku ya kwanza, uunganishe kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi.

Chipu_ya_Kizota

Windows kwa kifupi, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote. Toleo kubwa jipya una siku 10 za kurudi nyuma, na unaweza kuzirefusha hadi 60 kabla hazijaisha, kwa amri hii:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Haibuti? Iwashe na kuizima kwa nguvu mara tatu, itafungua ukarabati, uchague kuondoa apdeti ya mwisho. Ikidai namba za tarakimu 48 za BitLocker (kufuli la diski la Windows), kama ilivyotokea kwa apdeti ya Julai 2024, usikubali "kupigiwa Windows". Data zitapotea. Namba hizo mara nyingi zipo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ingia kwa simu uzisome.

Apdeti ya BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) ni habari nyingine. Umeme ukikatika katikati, bodi imelala. Betri ijae NA chaja ichomekwe. HP jaribu Windows+B huku unawasha, Dell Ctrl+Esc. Zikigoma, chipu ya BIOS inaandikwa upya kwa kifaa kiitwacho CH341A, lakini fundi apime kwanza kama ni ya 3.3 V au 1.8 V.

Wakili_wa_Sokoni

Njia ya 4 mmeiacha mwisho, wakati kwa kifaa kilicho ndani ya waranti ndiyo ya pili, mara tu baada ya kusubiri. Fundi akishafungua mfuniko au kung'oa stika, muuzaji ana sababu ya kukukatalia. Peleka kifaa kikiwa na hitilafu yake, risiti ya EFD, kadi ya waranti, picha za namba ya toleo, na barua fupi yenye tarehe ya apdeti na kilichoacha kufanya kazi. Bakia na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakizungusha, malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Dai matengenezo au kubadilishiwa, usidai "warudishe toleo la zamani". Hilo, duka la kawaida la hapa mjini, kama la Barabara ya Saba, haliwezi hata likitaka.

Zabibu_Kavu

Kwa hiyo mpangilio ni: picha za namba, saa 48, kashe, waranti kama ipo, kufuta, na kurudisha toleo kwa wale ambao kufuli limewaruhusu. Kuna aliyeulizia "Odin inakatika katikati kila mara", faili ni sahihi.

fundi_wa_Majengo

Vumbi la Dodoma hilo. Tundu la chaji likijaa vumbi, chaji inapita lakini data inakatika waya ukitikisika. Zima simu, litoe kwa kijiti cha plastiki au cha mbao, usitumie sindano. Waya uwe wa data, mfupi, uchomeke nyuma ya kompyuta moja kwa moja, bila hab (kigawanyio cha USB). Betri ya simu iwe juu ya asilimia 50, ndipo ubonyeze Start kwenye Odin.