Mnyunyiziaji wa dawa ya nyanya mwenye mapigo ya haraka: je, bado ni sumu ya kiuatilifu?

Mhudumu wa Ngarenanyuki

Shikamooni wakubwa zangu. Natoa huduma ya kwanza kwenye mashamba ya nyanya huku Ngarenanyuki, wilayani Meru. Juzi tuliitwa kwa kijana aliyekuwa akinyunyizia dawa tangu asubuhi kwa bomba la mgongoni lililokuwa likivuja, na wenzake walisema kila noza ilipoziba aliipuliza kwa mdomo. Tulimkuta shati limelowa mgongo mzima, mate na jasho vikimtoka, ametapika, na nyama za mashavu na mapaja zikichezacheza zenyewe. Kilichotuchanganya ni mapigo ya moyo, ambayo yalikuwa 120 kwa dakika, ilhali mafunzoni tulielezwa kwamba sumu hii huyapunguza. Zahanati ya njiani nayo ilisita kumpa atropini, dawa ya kupinga sumu hii, kwa sababu hiyo hiyo, na ndugu zake wakawa wanasisitiza anyweshwe maziwa. Je, mapigo ya haraka yanaondoa uwezekano wa sumu hii? Na sisi tusio na dawa tumsaidieje njiani?

Muuguzi wa dharura, Moshi

Marahaba, mdogo wangu. Hayaondoi hata kidogo. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, kama profenofosi na klorpirifosi, huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, baada ya ujumbe kufika. Asetilikolini ikilundikana, tezi hufurika, mboni za macho husinyaa, tumbo husokota, na misuli huchezacheza kisha hulegea. Kwa njia moja huupunguza mwendo wa moyo, kwa njia nyingine huuchochea, na mgonjwa anayekosa hewa naye moyo humwenda mbio; kwa hiyo mapigo yanaweza kuwa 50 au 120, na sumu ikawa ile ile.

Kinachoua hapa ni pumzi, yaani majimaji yanayojaa mapafuni pamoja na misuli ya kupumulia inayolegea. Ndiyo maana atropini hupimwa kwa kifua: mtu mzima huanzishiwa miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, na kipimo hurudiwa kwa kuongezwa mara mbili kila baada ya dakika 5, hadi kifua kisikike kikavu, mapigo yazidi 80 na namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu izidi 80. Mapigo ya haraka si sababu ya kuinyima. Kusubiri mboni zipanuke nako ni kupoteza muda, hasa kama dawa iliruka machoni. Kazi hiyo ni ya tabibu, lakini mhudumu anayeielewa anaweza kumweleza tabibu jambo la maana: si «mapigo ni 120» peke yake, bali «kifua kinakoroma na mate hayakauki».

Kwenu ninyi, vaeni kwanza glovu za nitraili au za mpira mzito, kwa maana zile nyembamba za lateksi hazizuii vizuri. Mvueni nguo zote, mzifunge kwenye mfuko, kisha mwosheni kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele, kucha na nyuma ya masikio. Viatu na mkanda wa ngozi haviokoleki. Dawa ikishazama humo haitoki. Mlazeni kwa ubavu, futeni mate, na mkiwa na mfuko wa kupumulishia uwe tayari. Maziwa msimpe, wala msimtapishe: dawa nyingi za maji zimechanganywa na mafuta ya jamii ya petroli, ambayo yakiingia mapafuni huleta balaa la pili.

Bwana shamba mstaafu, Arusha

Naongeza moja tu: chukueni chupa yenyewe. Ukanda wa rangi chini ya lebo huonyesha ukali wa dawa, nyekundu ikiwa ndiyo kali zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani, lakini muhimu kuliko rangi ni jina la kiambato. Mkulima huyo huyo anaweza kuwa na lambda-sihalothrini, dawa ya wadudu ya kundi jingine, ambayo huwasha na kuchonyota ngozi na haitibiwi kwa atropini namna hiyo. Taabu ni kwamba wengi hununua kipimo kidogo kilichomiminwa kwenye chupa ya soda, isiyo na lebo yoyote. Hapo mtu arudi dukani akaulize, gari likiwa limeshaondoka.

Mhudumu wa Ngarenanyuki

Ahsanteni sana. Na oksijeni tumpe kila mara?

Muuguzi wa dharura, Moshi

Kwa oganofosfeti, mpeni bila kusita. Kwa mtu aliyekunywa parakwati, ile dawa ya kuua magugu, ni kinyume: oksijeni ya ziada huongeza uharibifu wa mapafu, hivyo hutolewa tu pale inapopungua mno kwenye damu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitafuta lebo.

Mwulizeni pia kijana wenu anaendeleaje. Kati ya siku ya 1 na ya 4, mgonjwa aliyekwisha kauka mate anaweza kulegea upya, na dalili ya mapema ni kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Kama ameruhusiwa kurudi nyumbani na shingo yake iko hivyo, arudishwe hospitali leo hii, kabla pumzi haijaanza kumwishia.