Nafanya kazi ya mtandaoni usiku kucha nikiwa Kigoma, naona akili imeanza kuchoka. Naombeni mawazo

Kijana wa Gungu:

Wakuu habari za muda huu, wakubwa zangu shikamooni. Stori ni ndefu kidogo ila nimeona bora niiseme yote.

Nina miaka 29, nipo Kigoma mjini, Gungu, nimepanga chumba na sebule. Mwaka jana nilipata kazi ya mtandaoni na kampuni moja ya Marekani, ile pwani yao ya magharibi, nawajibu wateja kwa chati na imeili. Sasa kule wakifungua ofisi saa tatu asubuhi huku kwetu ni saa mbili usiku, wakifunga saa kumi na moja jioni huku ni saa kumi alfajiri, wakisogeza saa zao mwezi wa tatu ndo naanza saa moja natoka saa tisa. Hela ni nzuri sidanganyi, inazidi mbali niliyokuwa napata kwenye tuisheni, na ndo inamsomesha mdogo wangu.

Shida imeanza kama miezi minne hivi. Nikifunga kompyuta hiyo saa kumi usingizi hauji, nabaki na simu mpaka adhana, nikija kulala ni saa kumi na mbili, saa tatu tayari napigiwa. Mama yupo Ujiji, ananiambia mwanangu si upo tu nyumbani hebu nenda kanichukulie mzigo wangu stesheni, shemeji naye anamleta mtoto nikae naye yeye aende sokoni, mwenye nyumba fundi bomba akija anamwambia gonga kwa yule kijana yeye hatokagi. Yaani mchana kutwa natumwa na usiku kucha nipo kazini, sikumbuki mara ya mwisho nimelala masaa matano mfululizo.

Alafu kuna hili lingine ambalo hata kulieleza nashindwa. Wiki iliyopita niligundua toka Jumatatu mpaka Alhamisi mdomo wangu nimeufungua kwa mama wa genge tu na hizo simu za nyumbani, basi, mengine yote ni kuandika, tena kuandikiana na watu waliokasirika ambao siwajui na hawanijui. Ile sauti ya meseji ikiingia moyo unadunda hata kama siku hiyo sipo zamu. Mpira wa Jumapili nimeacha. Mama akipika migebuka ya mawese na ugali wa muhogo nilikuwa navuka mji mzima kuifuata, sasa hivi nakula ili tu asiulize.

Na naona aibu kulalamika maana rafiki zangu wengi hawana kazi. Kuna mtu amepita hapa? Mlifanyaje?

Dola Haziokotwi:

Mkuu shukuru Mungu. Watu wanalala njaa na digrii zao wewe unalipwa dola umekaa kwenye kiti. Hayo ni mawazo tu, fanya mazoezi, kunywa maji ya kutosha, yataisha.

Mwana wa Kibirizi:

Mkuu hapo juu sikubaliani na wewe hata kidogo. Mtu amesema chakula hakina ladha na mpira kaacha, huyo halalamiki kuhusu dola. Mkimjibu hivyo kesho hatasema tena, atakaa nayo ndani.

Kijana wa Gungu nikwambie kitu, mi nimezaliwa mwaloni Kibirizi, mzee wangu kavua dagaa toka enzi za karabai mpaka zikaja hizi taa za betri na sola. Kazi ya usiku huku kwetu sio ngeni, huo mji wako umejengwa na watu wanaofanya kazi usiku. Ila angalia wanavyoishi. Mzee akirudi asubuhi nyumba nzima inajua karudi kutoka ziwani, sisi watoto tulikuwa tunafukuzwa uani tusipige kelele, na hakuna mtu angethubutu kumwamsha mvuvi saa nne ati akachukue mzigo. Pili, ziwani hayupo peke yake, wapo watu kwenye mtumbwi, wanabishana, wanaimba, wanagawana sigara, mmoja akiwa na msiba nyumbani wenzake wanajua kabla hata ya kusukuma chombo. Na tatu kuna mbalamwezi. Mwezi ukikomaa mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo watu wanarudi nyumbani siku kadhaa, wanashona nyavu, wanalala na wake zao, wanaenda harusini. Kila mwezi, hakuna anayemuomba bosi.

Wewe umechukua usiku wa mvuvi ila hivyo vingine vyote vitatu hauna. Ndo maana unachoka hivyo, sio kwamba wewe ni mdhaifu.

Na huo upweke usiudharau. 2024 walipofunga ziwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, kaka yangu alikaa nyumbani hiyo miezi mitatu. Tulidhani atapumzika kwa raha zake. Wiki ya tatu mtu kanyamaza, anakaa mlangoni anaangalia tu maji, halafu usingizi wenyewe hapati na hana kazi anayofanya. Hela ilikuwa inamsumbua ndiyo, ila mwenyewe alikuja kuniambia amewamisi wale jamaa. Kilichomsaidia walianza kukutana kila asubuhi kushona nyavu hata zile zisizochanika.

Kwa hiyo ushauri wangu tafuta watu kwanza. Hiyo Jumapili rudi uwanjani hata ukakae benchi. Na saa kumi na moja jioni kabla hujaingia kazini shuka Kibirizi au kijiwe chochote cha kahawa, kaa nusu saa, usiongee kama hutaki, ila uwe kati ya watu.

Nesi wa Zamu:

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nimezifanya miaka mingi na nimeuguza watu wengi wenye hali kama unayoieleza, ila kumbuka siwezi kukupima kwa maandishi.

Ulivyoandika kuna vitu viwili vimechanganyika. Kimoja ni uchovu wa kazi uliopitiliza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza kama hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa, mtu anaisha nguvu, kazi inamkinaisha, na ufanisi unashuka. Hilo ni la kazi, ukirekebisha kazi linapungua. Lakini kukosa hamu ya chakula unachokipenda, kuacha mambo yaliyokuwa yanakufurahisha, usingizi kuvurugika, vikienda wiki mbili au zaidi karibu kila siku, hapo tunaanza kufikiria sonona, na sonona ni ugonjwa una matibabu, sio suala la kukaza roho. Kwa hiyo nakuomba uende hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Maweni uulizie huduma ya afya ya akili, waeleze kama ulivyotueleza hapa, usipunguze neno. Na ikitokea umeanza kuwaza kufa, au kwamba bora usingekuwepo, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo na uende na mtu.

Usingizi sasa. Usibadilishe badilishe saa za kulala, mwili unataka ujue saa yake. Wewe una bahati moja, huku magharibi jua linachelewa kutoka, saa kumi na mbili bado kiza, kwa hiyo ukitoka kazini saa kumi ukalala kumi na nusu unapata zaidi ya saa zima kabla mwanga haujaanza kukwambia kumekucha. Unaiharibu hiyo nafasi na simu. Simu iache sebuleni. Dirisha liwekee kitu kizito. Chai na kahawa zikome kama saa sita kabla ya kulala, maana yake kwako ni saa nne na nusu usiku, najua ni ngumu ila jaribu wiki mbili uone. Ukiamka mchana toka nje upate jua. Na tafadhali usinunue dawa za usingizi duka la dawa kwa kusikia, wala usianze bia ya kulalia, nimewaona wengi wameanzia hapo.

Mdada wa Isevya:

Habari zenu, mimi nipo Tabora, nafanya unukuzi wa sauti mtandaoni mwaka wa tano sasa. Ndugu yangu ulichoandika ningeweza kukiandika mimi 2022.

Kilichonisaidia cha kwanza ni kutoa kazi chumbani. Nilikuwa nafanyia kitandani, ikafika hatua nikiona kitanda tu mabega yanapanda. Nikamuomba fundi cherehani mmoja mtaani kwetu anipangishe kona kwenye fremu yake, namlipa kidogo na tunagawana luku. Naenda saa nane mchana narudi saa mbili usiku. Wewe kwa usiku haiwezekani kwa usalama, ila una sebule, kompyuta isivuke mlango wa kuingia chumbani. Ukimaliza ifunike na kitambaa. Mimi naona kile kitambaa kinafanya kazi kuliko mnavyofikiri.

Cha pili hesabu masaa yako. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inataka kazi ya kawaida isizidi masaa 45 kwa wiki, mfanyakazi apate likizo siku 28 kwa mwaka na nyongeza ya asilimia 5 kwa masaa ya usiku. Najua wengi wetu mikataba inatuita wakandarasi huru na huyo bosi yupo ng'ambo, hutaenda kumshitaki. Lakini itumie kama kipimo chako mwenyewe. Mimi nilipohesabu nilikuta nafanya 63 na sina hata siku moja ya likizo, nikalia. Nikaandika imeili fupi, wiki fulani sitakuwepo, nimemaliza kazi hizi na hizi. Nilidhani wataniacha. Walijibu sawa. Sisemi wako watajibu hivyo, ila omba.

Na umeme ukikatika usianze kukimbia mji mzima na kompyuta mkononi kama nilivyokuwa nafanya, ile hofu peke yake inamaliza mtu. Waambie mapema kwamba inatokea, na uwe na pawabenki na bando la akiba.

Kijana wa Gungu:

Nimesoma yote mara mbili. Mwana wa Kibirizi hiyo ya mtumbwi imenigusa sana. Nesi nitaenda dada, nimekuelewa. Hayo ya kufa sijafika huko, nasema ukweli.

Swali langu lililobaki ni mama. Nikimwambia asinitume atasema hela imenipa kiburi. Nilishajaribu mara moja akanyamaza siku mbili.

Bi Mkubwa wa Ujiji:

Mwanangu mimi ni mama wa hapo hapo Ujiji na mwanangu wa pili anafanya kazi kama yako, yuko Dar. Nikuambie tunavyowaona. Sisi tumelelewa kazi ni mtu anaoga, anavaa, anaondoka, jioni anarudi kachoka. Wewe mama yako akikupigia saa tatu anasikia umelala. Akija mchana anakukuta na bukta. Anachokiona ni mtoto mkubwa amekaa ndani na hela anayo, na moyoni anaogopa hata hiyo hela inatoka wapi, ila hawezi kukuuliza. Kukutuma ni njia yake ya kukuona.

Usimwambie kwa simu. Mwalike aje alale kwako usiku mmoja wa kazi. Mpikie, mpe kiti hapo sebuleni, aone. Msomee meseji moja ya hao wanaokutukana na unavyowajibu kwa upole. Akishaona kwa macho yake hutakuwa na haja ya kumkataza kitu. Na chagua siku moja uwe wake, akutume siku hiyo atakavyo.

Mwana wa Kibirizi:

Bi Mkubwa shikamoo, umemaliza.

Kijana wa Gungu:

Wakuu nimerudi, imepita wiki tatu.

Mama alikuja Jumanne. Alikaa na mimi mpaka saa saba usiku, kajifunga kanga mabegani, hasemi kitu, anaangalia tu kioo. Kuna mteja aliandika matusi nikamtafsiria, akaniuliza na wewe unamjibu nini, nikamsomea, akasema huyu mtu angekuwa hapa ningemjibu mimi. Kabla hajalala akaniuliza kila siku ndo hivi? Nikamwambia siku tano kwa wiki. Asubuhi nimeamka saa sita mchana, sijawahi tangu nianze hii kazi, nakuta ameshampigia shemeji kwamba mtoto asiletwe kabla ya saa nane, na mwenye nyumba kamwambia mwenyewe kwa mdomo wake. Alafu amenitundikia kitenge mara mbili dirishani, kile cha zamani kizito. Alhamisi sasa ndo siku yake, zamu sina, nashinda Ujiji.

Maweni nilienda, nimeongea na mtu karibu saa zima, amenipa tarehe ya kurudi. Nilitokwa na machozi pale sikutegemea. Usingizi umefika masaa sita siku nyingi, sio zote. Simu bado inanishinda siku nyingine.

Likizo nimeomba wiki moja, nimeandika kama alivyosema Mdada wa Isevya, mpaka sasa hawajanijibu, nitawakumbusha Jumatatu. Jumapili nilienda uwanjani, sikucheza, nilikaa na jamaa pembeni, wakaniuliza ulikuwa umesafiri? Nikawaeleza.