Suruali na buti za kuwindia kulungu kwenye mvua: sufu au Gore-Tex, gambuti au ngozi?

Mkaazi_wa_Maine
Ndugu zangu, naomba ushauri. Novemba iliyopita niliwinda kulungu wa mkia mweupe nikiwa nimevaa jinzi na buti za ngozi, na baada ya saa mbili za mvua iliyochanganyika na theluji mapaja yalikufa ganzi, nikalazimika kuondoka kabla ya magharibi, wakati ambao kulungu huanza kutoka. Sasa nalinganisha suruali nene ya sufu na ile ya Gore-Tex (kitambaa chenye utando unaozuia mvua lakini unaopitisha jasho), na pia gambuti na buti za ngozi zenye utando ndani. Mimi huketi zaidi kando ya kinamasi kuliko kutembea.

Mama_Oregon
Kaka, jinzi iache nyumbani kabisa. Pamba ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa iliyokuwa ikitunza joto, na haikauki upesi. Sufu nayo hulowa, tena huwa nzito mpaka uhitaji mikanda ya mabegani, lakini nyuzi zake hubaki zimejikunja na kushika hewa, kwa hiyo huendelea kukupa joto. Gore-Tex nimeivaa misimu kadhaa huku magharibi mwa Oregon, na ukweli ni kwamba huzuia mvua vizuri mpaka dawa ya kuzuia maji iliyo kwenye kitambaa cha juu inapochakaa. Hapo kitambaa hulowa, jasho hukosa njia ya kutoka, nawe utadhani suruali inavuja. Kinachonisumbua zaidi ni kelele. Ukiwa dukani, kwaruza paja la suruali kwa ukucha: ukisikia mkwaruzo wewe, kulungu naye atausikia tawi likikugusa.

Mpanda_Vilima
Dada amesema kweli kuhusu sufu, ila kwa anayetembea hesabu hubadilika. Huku Scotland wawindaji wengi huvaa suruali ya sufu inayoishia chini kidogo ya goti, pamoja na soksi ndefu na kitambaa kisichopitisha maji kinachofungwa kutoka kwenye buti hadi gotini, kwa sababu sehemu inayolowa kwanza ni pindo la chini linaloburuzwa kwenye majani. Gambuti sizipendi mlimani. Hazishiki kifundo cha mguu. Kwako unayeketi kinamasini, zichague bila wasiwasi, ila ziwe na bitana nene na ziwe kubwa kiasi, maana soksi mbili zilizobanwa hupoza vidole.

Jirani_wa_Freeport
Ipo njia ya katikati, na ilizaliwa hapa hapa jimboni Maine, Marekani. Mwaka 1912 Leon Leonwood Bean, mwanzilishi wa kampuni ya L.L.Bean, alianza kuuza buti zenye sehemu ya chini ya mpira na ya juu ya ngozi. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa sababu mshono ulichanika, akarudisha fedha za watu na kurekebisha kasoro. Buti za namna hiyo bado zinauzwa, na kwa atakayetembea kilomita chache kisha aketi, naona zinafaa kuliko zote mbili ulizotaja.

Mkaazi_wa_Maine
Asanteni sana. Nitachukua sufu na gambuti. Je, suruali niichomeke ndani ya gambuti?

Mama_Oregon
Hapana, kaka. Ishushe juu ya gambuti, la sivyo maji yote yanayotiririka mapajani yataishia kwenye soksi.