Re: Barua ya kunikatalia hifadhi na neno "kulipuka"

Kutoka: Dada wa Birere
Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Jana nimepokea barua ya kunikatalia hifadhi ya ukimbizi. Gazeti nililoambatisha lilieleza mapigano ya Januari 2025 kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, ila kichwa chake kilikuwa "Goma yalipuka tena". Mkalimani alitafsiri kichwa peke yake, na sasa barua inasema kwamba niliikimbia Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na mji wetu, na kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hauhusu volkano. Je, kwenye rufaa niambatishe gazeti jingine, au niombe lile lile litafsiriwe upya?

Kutoka: Mzee wa Himbi
Marahaba, binti yangu. Kosa lilianza kwa mhariri. Vita havilipuki vyenyewe kama mlima. Yupo aliyeamuru mizinga ipigwe. Mwandishi anayesema mji "umelipuka", kisha "umeanguka", na watu "wakamiminika" Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, amemaliza habari nzima bila kumtaja mtenda, na mwenye bunduki anatoka humo akiwa safi. Mimi volkano naijua: mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wetu, wala hatukutafuta wa kumshtaki.

Kutoka: Mkalimani wa Arusha
Kwa heshima zote, Mzee, umerahisisha mno (na sisi wakalimani mara nyingi hupewa karatasi dakika tano kabla ya mahojiano). AFC/M23, waasi walioiteka Goma, walijitaja waziwazi, wakasema wameikomboa Goma. Kigali ilizungumzia "hatua za kujilinda", Kinshasa ikazungumzia "magaidi". Redio inayolichukua mojawapo ya maneno hayo bila kusema ni la nani imekwisha kuchagua upande. RTLM nayo, redio ya chuki ya Rwanda, mwaka 1994 haikuficha kitu: Watutsi waliitwa mende, kuua kukaitwa kazi, na ICTR, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa kwetu Arusha, ililazimika kuipima maana ya neno "inyenzi" (mende) kabla ya hukumu ya Desemba 2003.

Kutoka: Mzee wa Himbi
Kuua kuitwa kazi si kuficha? Soma tena ulichokiandika, ndugu yangu.

Kutoka: Mkalimani wa Arusha
Nimesoma. Anayefichwa hapo ni maiti, si muuaji, na hayo ni mambo mawili.

Kutoka: Dada wa Birere
Wazee wangu, nawashukuru, lakini nimebakiwa na siku tisa. Wakili anasema 15(c), kifungu cha sheria ya Ulaya kinachowalinda raia wanaokimbia vita, inanitaka nithibitishe kwamba kulikuwa na vita, na magazeti yote matatu niliyo nayo yanasema Goma "iliwaka moto".