Nina grinikadi tu. Naweza kusema mbele ya kamati ya bunge la Montana?

Mvuvi wa Fizi:
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Niko Missoula na familia, tulitokea kambi ya Nyarugusu. Kiangazi nashuka mto Clark Fork na wanangu kuvua. Safari hii mawe ya ukingoni yameota utelezi wa kijani, mwani mrefu kama nywele. Ukivuta ndoano inakuja na majani matupu. Jirani yangu, mzee wa Kizungu aliyevua hapa tangu ujana, anasema chanzo ni mbolea na maji ya vyooni, na kwamba bunge la jimbo huko Helena limelegeza sheria. Anataka kikao kijacho twende wote tukaseme. Mimi uraia bado. Mke wangu ananionya nisijitie kwenye siasa za watu, faili letu lisije likaharibika. Mwenye kujua anielekeze.

Mama Bahati:
Baba, kusema ni ruksa. Katiba ya Montana ya 1972 inataja haki ya mazingira safi na yenye afya kuwa ni ya watu wote. Haikusema raia peke yao. Kwenye kamati utataja jina na unakoishi, basi.

Ila mke wako ana hoja. Usijiandikishe kupiga kura, na usitie saini karatasi za kupeleka jambo kwenye kura ya wananchi, hata kijana wa sokoni akikushikisha kalamu huku anatabasamu. Hizo ni za wapiga kura waliosajiliwa, na hapo ndipo mafaili ya watu yanapoharibikia.

Siku yenyewe mleta muswada anaanza, wanafuata wanaomuunga mkono, kisha wanaopinga. Watu wakiwa wengi mwenyekiti anakata muda, mkapewa dakika mbili au moja. Kwa hiyo usiende na hotuba. Sema unapinga sheria za maji kulegezwa, kisha waeleze huo mwani. Wa kuzungumzia fosforasi, hicho kirutubisho cha mbolea na maji ya vyooni kinachootesha mwani, wapo, tena wengine wanalipwa. Wa kueleza kilichotoka kwenye ndoano ni wewe.

Kijana wa Goma:
Mtamaliza mafuta ya gari bure. 2025 watu si walipinga? Muswada wa kufuta viwango vya tarakimu, yaani vikomo vilivyowekwa kwa namba, vya naitrojeni na fosforasi mitoni ukapita vilevile, gavana akasaini.

Mama Bahati:
Ulipita, na mimi uliniuma. Lakini mwaka huohuo lililetwa azimio la kuliunga mkono jimbo la Utah katika kesi yake ya kudai ardhi za serikali kuu, na Wawakilishi wakaliangusha. Chama chenye wingi ni kilekile! Ukigusa ardhi ya umma hapa, wawindaji na wavuvi wa vyama vyote wanakuja juu.

Na huo mto wenyewe, ndugu yangu. 1981 visima vya Milltown, hapo juu ya Missoula, vilikutwa na sumu ya aseniki, iliyotoka kwenye taka za migodi ya shaba ya mji wa Butte zilizojikusanya nyuma ya bwawa. Bwawa lilikuja kubomolewa 2008. Hesabu miaka hiyo kwanza, ndipo uniambie habari ya muswada mmoja uliotushinda.

Mvuvi, bunge hukaa miaka ya witiri tu, siku za kikao zisizozidi 90, kuanzia Januari, kwa hiyo linalofuata ni 2027. Kabla ya hapo iko kamati ya muda ya sera za maji, nayo inapokea maoni ya wananchi. Helena si lazima uende. Kuna Zoom, mradi ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya bunge.

Mvuvi wa Fizi:
Nimemsomea mke wangu yote. Zoom amekubali, mlima wenye barafu wa njia ya Helena hataki hata kuusikia. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Nikisema Kiswahili mwanangu akatafsiri?

Mama Bahati:
Mkipokezana, dakika zenu zitaliwa mara mbili. Andika kwa Kiswahili, yeye aandike kwa Kiingereza, mkitume kwa kamati kabla. Siku hiyo wewe taja jina na msimamo wako, yeye asome.