Mslimu mpya achangishwe vita vya mbali, au kwanza aachwe ajifunze kutawadha?

Mslimu wa Majengo

Assalamu alaykum jamaa. Nina swali, na naomba nisirukiwe.

Nilisilimu mwaka juzi. Kwetu ni Rabai, pale pale Krapf alipoanzisha misheni 1846, kwa hivyo mwaweza kukisia mamangu alizipokea vipi habari hizo. Hatukugombana. Kila Jumapili akitoka kanisani hunipigia simu kuuliza kama nimekula.

Ramadhani iliyopita ukaja mchango wa walioathiriwa na vita vya Sudan kwenye kundi letu la waslimu wapya. Zikatumwa picha, kisha sauti ya mtu akilia, kisha orodha ya majina: aliyetoa kawekewa tiki, asiyetoa alama ya kuuliza. Mimi ni kibarua, hushusha magunia. Nikatuma shilingi 6,000, nazo ndizo zilikuwa kodi ya nyumba. Wiki ile ile mamangu akaniomba 1,500 za dawa za presha. Nikamwambia sina, na ni kweli sikuwa nazo.

Idi ilipopita nikauliza kwa adabu, zile pesa zilipitia mikono ya nani? Nikajibiwa kwamba sadaka haidaiwi risiti, na kwamba imani yangu bado changa.

Msimamo wangu: mchango wa vita usifanywe mtihani wa Uislamu wa mtu aliyesilimu juzi. Ama nakosea?

Kijana wa Kisauni

Wakosea, ndugu yangu, tena sana. Waumini ni mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumwa mwili wote hukesha kwa homa. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, na sikuona mahali iliposema "isipokuwa kidole kilichosilimu juzi." Bilal aliteswa akiwa mslimu mpya. Sumayya aliuawa akiwa mslimu mpya. Na sura ya Anfal aya ya 72 iko wazi: wakikuombeni msaada katika dini, ni juu yenu kuwasaidia. Watu wanakufa, nyinyi mwataka risiti.

Maalim, Kibokoni

Mwanangu wa Kisauni, aya umeikata katikati. Isome mpaka mwisho: isipokuwa juu ya watu ambao baina yenu na wao kuna mapatano. Na Mtume (s.a.w.) alitimiza ahadi ya namna hiyo hata ilipouma. Pale Hudaibiya, alipofanya mapatano na Makureshi wa Makka mwaka wa 6 wa Hijra, Abu Jandal alifika akiburura minyororo. Ni Muislamu, amemtoroka babake Suhail, na Suhail ndiye aliyekuwa akipatana kwa niaba ya Makureshi. Akarudishwa, kwa kuwa neno lilikwisha kutolewa. Umar mwenyewe lilimshinda kumeza. Nalitaja hili kwa sababu hapa Pwani tumewaona vijana waliosilimu jana wakiambiwa kwamba msaada ni kuvuka mpaka wa Somalia kwenda kupigana, na hakuna aliyewasomea mwisho wa aya.

Sasa pesa. Zaka humpata mwenye nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu iliyokaa mwaka mzima. Mshusha magunia hayumo. Tena tazameni Tawba aya ya 60, yale makundi manane ya wanaopewa zaka. La nne ni wanaotiwa nguvu nyoyo zao, na wanazuoni wengi huwatia humo waslimu wapya. Huyu bwana alikuwa wa kupewa, sisi tukamtoza!

Na sisi Washafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kauli yetu mashuhuri ni kwamba zaka haihamishwi mji ilhali wenye kustahiki wapo, kwa hadithi ya Muadh alipotumwa Yemen: ichukuliwe kwa matajiri wao, irudishwe kwa mafukara wao. Madhehebu mengine yana nafasi zaidi, na kwa njaa ya Darfur, huko Sudan, mimi naona nafasi hiyo itumike. Sadaka haina mpaka huo, ila huanza kwa wanaokutegemea. Na Luqman aya ya 15, inayotaka tukae nao kwa wema duniani, yawahusu hasa wazazi wasio Waislamu. Mama wa Rabai yumo.

Kijana wa Kisauni

Shukran kwa kunirudi, Maalim. Lakini Sudan itasaidiwa na nani, kila mtu akisubiri gramu 85?

Maalim, Kibokoni

Walipouawa wasomaji sabini wa Qur'ani pale Bir Mauna, Mtume alisoma qunuti, yaani dua ndani ya swala, mwezi mzima. Hiyo haina nisabu.

Karani, Mwembe Tayari

Mie nauliza swali la kihasibu. Vita vya Sudan vilianza 15 Aprili 2023, ndani ya Ramadhani. Huku jeshi la Burhan, kule wanamgambo wa RSF wa Hemedti, na pande zote mbili zaswali. Ukituma pesa usijue mikono inayopokea, wajuaje hukununua risasi? Halafu kuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Uchunguzi ukifika, jina lililo kwenye rekodi ya M-Pesa ni lako, si la yule aliyelia kwenye simu. Tuma kwa shirika lililosajiliwa, nambari ya malipo iwe na jina la shirika, na ukiambiwa risiti ni upungufu wa imani, funga simu.

Dada wa Likoni

Mimi nilisilimu 2016, na sikubaliani sana na mwenye mada. Mwaka wa kwanza watu walinipa kanga, wakanipa tende, wakanipa nasaha mpaka nikachoka. Hakuna aliyeniomba kitu. Siku niliyoitwa kupika futari ya familia za wakimbizi ndiyo siku niliyojiona mtu wa nyumbani. Msitufungie mlango kwa huruma. Ila ile orodha ya tiki ni aibu, hilo sibishi.

Binti Barawa

Hapa ngojeni niingie. Wazee wangu walitoka Barawa kwa mashua vita vya Somalia vilipochacha, 1991 kwenda 1992, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa Mombasa. Nimelelewa kwa hadithi za kambi ile. Bibi yangu hakumbuki ni nani aliyechanga. Akumbuka mwanamke wa Kigiriama, jirani, wala si Muislamu, aliyemletea sufuria na jiko siku ya pili. Akumbuka watu wa Mji wa Kale waliokuja kusikiliza Chimini, lugha yetu ya Barawa, wakacheka kwamba ni Kiswahili kilichopotea njia, kisha wakachukua watoto kwenda kuwaogesha. Na akumbuka seremala Mkamba, ndiyo kwanza amesilimu, hata jina lake jipya alikuwa akilisahau akiitwa. Hakuwa na senti. Aliwapigilia vitanda kwa mbao za makasha ya bandarini, wiki nzima.

Ndiyo maana huu mchango wa M-Pesa peke yake wanikera. Waislamu wa kwanza kukimbia mateso, karibu mwaka 615, walipokewa na mfalme Mkristo, Najashi wa Habasha, yaani Ethiopia. Mslimu mpya ana ukoo mzima wa kina Najashi, nyinyi mwaona nambari yake ya simu tu. Wasomali na Wakongo waliokimbia vita wapo mumu humu mjini, wamepanga vyumba, watoto wao wataka mtu wa kuwasomesha Kiswahili. Kwa hilo hata kutawadha si lazima uwe umekuhifadhi.

Kijana wa Kisauni

Dada, Gaza huendi kupigilia vitanda.

Binti Barawa

Siendi. Huko natuma pesa, kwa shirika lenye jina, na sikuwekei tiki.

Mslimu wa Majengo

Nimesoma yote. Dada wa Likoni, umenigusa, sikuliona kwa upande huo. Mimi najua kupaka rangi nyumba, kama kuna familia yenye chumba kibovu mniambie. Mamangu nimemtumia 1,500 asubuhi hii. Zile 6,000 nimeuliza tena jana, mara hii kwa maandishi. Ujumbe umesomwa, haujajibiwa.